Kodi ya Barabara Baharini: Niliyosema Mkunguni Kuhusu Makaa ya Mawe

Assalaam aleikum wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliosimama huko nyuma upande wa ngome, sogeeni tu nafasi ipo. Nashukuru kwa kualikwa hapa uwanja wa Mkunguni. Mada niliyopewa ni kulinganisha nchi na nchi, vile serikali zinavyoubeba uchimbaji wa makaa ya mawe kupitia kodi, na najua kuna wenye kujiuliza hii inatuhusu nini sisi watu wa Amu, yaani Lamu, si leseni ya ule mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa Kwasasi ilifutwa na tribunali ya mazingira tarehe 26 Juni 2019? Ilifutwa, alhamdulillah, na waliohangaika nayo wengine wako hapa mbele yangu. Lakini katika mabishano yale yote tuliongea moshi, majivu, samaki, mikoko, na ilikuwa haki yetu kuongea, ila kodi tuliigusa kidogo mno. Tuliambiwa makaa ya mawe ni umeme wa bei rahisi, megawati 1,050, basi. Na makaa yenyewe yalikuwa yaletwe kwa meli kutoka Afrika Kusini kwanza, halafu mbeleni yatoke bonde la Mui kule Kitui. Sasa mtu akikwambia kitu ni rahisi muulize, ni rahisi kwa sababu kukitoa ni gharama ndogo, au ni rahisi kwa sababu kuna mtu mwengine ameshalipia sehemu yake? Hapo ndipo kodi inapoingia.

Nianze na kitu mnachokijua kuliko mimi. Mvuvi akijaza petroli ya mashine ya boti kabla hajaelekea Kiwayu, kila lita anayotia ina ushuru wa bidhaa ndani yake, ina VAT, iliyopandishwa ikawa asilimia 16 Julai 2023, na ina tozo ya kukarabati barabara, ambayo ilikuwa shilingi 18 ikapandishwa ikawa shilingi 25 tangu Julai 2024. Tozo ya barabara, wazee wangu. Boti ya faiba iliyobeba lita 40 imelipa shilingi 1,000 ya barabara kabla nanga haijang'olewa, na huko inakokwenda hakuna lami hata kipande. Wengi wenu mmelipa hio pesa miaka na miaka na hakuna aliyewaonyesha risiti yake manake imefichwa ndani ya bei.

Sasa twende Australia. Kule Queensland na New South Wales kuna migodi ya shimo la wazi, malori yake tairi moja tu linampita mtu kimo, yanakunywa dizeli usiku na mchana. Ushuru wa dizeli kule ni kama nusu dola ya Australia kwa lita. Kampuni ya mgodi inanunua dizeli, halafu inajaza fomu, inarudishiwa ule ushuru wote, kwa hoja kwamba lori la mgodini halitumii barabara ya umma. Hio ndio hoja, na ni hoja ileile ambayo mvuvi wa Amu angeitoa ila yeye hana fomu ya kujaza. Sitaki kuwaficha, wakulima na wavuvi wa kule nao wanarudishiwa, sio migodi pekee, na wanaoitetea wanasema hii si ruzuku hata kidogo, ni kuepuka kutoza kodi juu ya kitu cha kuzalishia mali. Wanaoipinga nao wanasema sheria iliyoufunganisha ushuru wa mafuta na matumizi ya barabara iliondolewa tangu mwaka 1959, hio pesa siku hizi inaingia kwenye mfuko mmoja na kodi nyengine zote, sasa hoja ya barabara inatoka wapi? Mimi nikiulizwa, nasema hawa wa pili wana nguvu zaidi, kwa sababu ukishasema ushuru ni wa mfuko mkuu basi unaemsamehe umemsamehe mchango wake kwa hospitali na shule, sio kwa barabara.

Na hapa ndipo penye ugumu wa mada yenyewe, naomba mnisikize vizuri. OECD, ile jumuiya ya nchi tajiri yenye makao Paris, ina orodha kubwa ya misaada ya serikali kwa mafuta, gesi na makaa ya mawe, na hayo marejesho ya dizeli ya Australia wameyaandika humo. Hazina ya Australia yenyewe haiyahesabu kuwa kodi iliyosamehewa. Pesa ni hiohio moja, mwaka ni huohuo, mmoja anasema ni msaada na mwengine anasema hakuna msaada. Hajadanganya mtu. Ni kwamba msaada wa kodi ni pesa ambayo haikuingia, na pesa ambayo haikuingia huwezi kuihesabu mpaka kwanza ukubaliane ilikuwa iingie ngapi. Hata mkataba wa ruzuku wa Shirika la Biashara Duniani unaongea hivohivo, kwamba ruzuku ni pamoja na mapato ambayo serikali ilistahili kuyapata ikayaachia. Ilistahili kwa kipimo cha nani? Kwa kipimo cha sheria ya nchi ile yenyewe. Kwa hivo nchi ambayo kodi yake ya kawaida ni kubwa, ikimpunguzia mchimbaji kidogo tu inaonekana imetoa msaada mkubwa, na nchi ambayo haikuweka kodi tangu mwanzo inaonekana haikusaidia mtu. Tena kuna zile zinazoandika kila msamaha kwenye ripoti na kuna zisizoandika kitu. Ukichora jedwali ukapanga nchi kuanzia namba moja mpaka ya mwisho, unaweza kujikuta unaiadhibu iliyosema ukweli. OECD wenyewe wanaonya kuhusu kulinganisha namna hii, ila mitandaoni watu wanabeba jedwali wanaacha onyo.

Ndio maana pia mtasikia takwimu zinatofautiana kama usiku na mchana. IMF, lile shirika la fedha la dunia, walisema mwaka 2022 ruzuku za nishati hizi za kuchimba duniani zilifika dola trilioni 7, lakini ruzuku ya pesa ya wazi ndani yake ilikuwa kama trilioni 1.3 tu, sehemu kubwa ya iliyobaki ni madhara ya hewa chafu na joto la dunia ambayo hayakutozwa. Mimi siwalaumu kwa kuhesabu madhara, mtoto mwenye pumu karibu na mtambo ni gharama ya kweli kabisa. Lakini ukisimama mbele ya waziri ukamwambia trilioni 7 atakuuliza pesa gani hio nikupe, na hapo mjadala umekwisha.

Basi mimi naona tuache majedwali tufuate tani moja. Chukua tani moja ya makaa ya mawe ikiwa bado iko chini ya ardhi, ifuate mpaka inapakiwa melini, na kila kituo uliza nani alilipa na nani aliachiwa.

Marekani ndio shule kubwa ya jambo hili kwa sababu sheria zao ziko wazi. Mchimbaji wa makaa kule anaruhusiwa kukata asilimia 10 ya mauzo yake kabla ya kupigiwa kodi ya mapato, kwa maana kwamba mali yake iliyo ardhini inapungua, ila isizidi nusu ya faida ya ule mgodi. Nisikizeni tofauti yake. Wewe ukinunua boti shilingi laki sita, mhasibu atakukatia gharama ya boti kidogokidogo miaka kadhaa mpaka ile laki sita iishe, ikiisha imeisha, kuanzia hapo faida yako yote inatozwa. Yule wa makaa haishi. Anakata kwa asilimia ya mauzo, sio kwa pesa aliyotoa mfukoni, kwa hivo hata akiwa ameshairudisha gharama yote ya kuupata mgodi anaendelea kukata mwaka baada ya mwaka maadamu makaa yanatoka. Na mwenye ardhi anaelipwa mrabaha, yaani fungu lake la makaa yanayochimbwa kwake, yule mtu binafsi, mapato yake yanaweza kuhesabiwa kama faida ya kuuza mali ya kudumu, ambayo kodi yake iko chini kuliko ya mshahara wa anaeingia shimoni.

Halafu kuna mapafu. Wachimbaji wa kule wanapata ugonjwa wa mapafu meusi kwa vumbi, na kuna mfuko wa kuwalipa wagonjwa ambao mwajiri wao amefilisika au hajulikani tena. Mfuko unajazwa na tozo ya dola 1.10 kwa tani ya mgodi wa chini ya ardhi na senti 55 kwa tani ya shimo la wazi, na isizidi asilimia 4.4 ya bei. Mwaka 2019 bunge liliiacha ile tozo ishuke mpaka senti 50 na senti 25, ikarudishwa, ikashuka tena mwanzo wa 2022, mpaka sheria ya mwaka huohuo ikaifanya ya kudumu katika kiwango cha juu. Wakati imeshuka wagonjwa hawakupungua, mfuko ulikopa Hazina. Mimi katika kila nilichosoma kuhusu mada hii, hiki ndicho kinaniuma zaidi, kwa sababu hakuna aliyetangaza kwamba ametoa ruzuku, tarehe tu ilipita kwenye kalenda na mzigo ukahama kutoka kwa mwenye mgodi kwenda kwa mlipa kodi. Na mwaka 2025 wakapitisha sheria nyengine, mrabaha wa makaa yaliyo kwenye ardhi ya serikali kuu uliokuwa asilimia 12.5 kwa shimo la wazi ukateremshwa usizidi asilimia 7 mpaka mwaka 2034, na makaa ya kuyeyushia chuma yakaingizwa kwenye nafuu ya kodi ya viwanda, asilimia 2.5 ya gharama ya uzalishaji, mpaka 2029.

Ujerumani walikuja kwa mlango mwengine. Kuanzia mwaka 1975 kila mtumiaji wa umeme alikuwa anakatwa tozo kwenye bili yake kusaidia migodi ya makaa magumu ya nchi yao, wakaiita pfennig ya makaa, pfennig ni senti yao ya zamani. Mwaka 1994 mahakama yao ya katiba ikasema hio ni kinyume cha katiba, huwezi kumtoza mteja wa umeme peke yake kwa jambo la taifa zima, ikaondolewa mwisho wa 1995. Aliyefurahi akafikiri makaa yameachwa mkono alikosea, msaada ulihamia kwenye bajeti ya serikali na ukaendelea miaka mengine zaidi ya 20. Na yale makaa ya kahawia, ambayo watu husema hayakupewa ruzuku, yanachimbwa kwa haki za zamani ambazo hazitozwi mrabaha. Hakuna pesa iliyotoka serikalini, kwa hivo kwenye vitabu vingi hakuna kitu. Kumbe tani ile imeondoka bila kulipa mwenye ardhi ambae ni umma.

Mzee mmoja hapa aliniuliza kabla hatujaanza, akasema mwanangu, na wale wenye kazi huko migodini je, watoto wao watakula nini? Ni swali la haki na ntalijibu kwa Ujerumani hiohio. Mwaka 1957 migodi yao ya makaa magumu ilikuwa na wafanyakazi zaidi ya laki sita. Mwaka 2007 wakakubaliana, serikali, kampuni na chama cha wafanyakazi, kwamba msaada utakwisha 2018, na sehemu ya pesa iliyobaki itumike kuwastaafisha watu mapema na kuwapeleka kazi nyengine. Tarehe 21 Desemba 2018 mgodi wa mwisho, Prosper-Haniel pale Bottrop, ulifungwa, wachimbaji wakapanda juu na bonge moja la makaa wakamkabidhi rais wao Steinmeier mkononi. Msaada wa kumlipa mtu na msaada wa kulipa tani ni vitu viwili, mzee wangu. Msamaha wa kodi unalipa tani. Mgodi ukileta mashine moja ikafukuza watu mia, ule msamaha unabaki palepale.

Zipo nchi zilizotoza badala ya kusamehe, na hizi watu hawazitaji. India mwaka 2010 waliweka tozo ya rupia 50 kwa kila tani ya makaa, ikapanda ikapanda mpaka rupia 400 mwaka 2016, na nia ilikuwa pesa iende kwenye nishati safi. Mwaka 2017 walipobadilisha mfumo wa kodi ile rupia 400 ikabaki lakini ikageuzwa kazi, ikawa ya kuwafidia majimbo mapato waliyopoteza, halafu Septemba 2025 wakaiondoa na kupandisha kodi ya mauzo ya makaa kutoka asilimia 5 mpaka 18. Queensland nako, katika nchi ileile ya marejesho ya dizeli, tangu Julai 2022 bei ya tani ikipita dola 175 za Australia sehemu iliyopita inatozwa mrabaha wa asilimia 20, ikipita 225 asilimia 30, ikipita 300 asilimia 40. Yaani serikali ya jimbo inachukua huku na serikali kuu inarudisha kule, kwa mgodi mmoja. Ukiambiwa Australia inasaidia makaa au inayabana, jibu unalo? China walihama mwaka 2014 kutoka kutoza kwa tani wakaanza kutoza kwa thamani, kati ya asilimia 2 na 10. Indonesia wao waliweka bei ya juu ya dola 70 kwa tani kwa makaa yanayouzwa kwa mitambo ya umeme ya ndani, hata pale bei ya dunia ilipopita dola 400 mwaka 2022, huo ni msaada mkubwa ajabu kwa mchomaji na hauonekani kwenye kodi yoyote.

Turudi Afrika Kusini, manake ndiko meli ya Kwasasi ilikuwa itoke. Kule mwenye mgodi anaruhusiwa kukata gharama yote ya mtaji dhidi ya mapato ya ule mgodi kwa mara moja, hangoji miaka. Kuna marejesho ya dizeli, na migodi imo. Na kuna kodi ya kaboni, walianza Juni 2019 kwa randi 120 kwa tani ya hewa chafu, ikasifiwa dunia nzima, lakini ndani ya sheria kulikuwa na misamaha ya asilimia 60 mpaka 95, kwa hivo kiwango halisi kilikuwa kati ya randi 6 na randi 48. Tani ambayo ingeteremshwa hapa ingekuja na hayo yote ndani yake. Mlipa kodi wa Soweto amechangia, na sisi tungeambiwa ni rahisi.

Upande wetu je? Hapa nitakwenda polepole.

Sheria yetu ya maeneo maalum ya kiuchumi inampa mwekezaji kodi ya mapato ya asilimia 10 kwa miaka 10 ya kwanza na asilimia 15 kwa miaka 10 inayofuata. Bandari yetu imefunguliwa tangu Mei 2021 na mipango ya maeneo kama hayo kuizunguka tunaisikia kila siku. Sisemi ni vibaya, vijana wanataka kazi na mimi nazitaka. Nasema siku mradi wowote mkubwa ukija, swali la kwanza liwe uko ndani ya mstari au nje ya mstari, kwa sababu huo mstari wa ramani ni pesa.

Makaa ya Mui yakichimbwa, Sheria ya Madini ya 2016 inagawa mrabaha, asilimia 70 serikali kuu, 20 kaunti, 10 jamii ya pale. Sasa angalieni, msamaha wa kodi ya mapato unapunguza mfuko wa Nairobi, lakini msamaha wa mrabaha unapunguza mpaka ile kumi ya wenye ardhi Kitui. Yote mawili yanaitwa nafuu kwa mwekezaji kwenye magazeti. Kwa mama wa Mui hayafanani kabisa. Kwa hivo mtu akisema serikali imetoa nafuu, muulizeni nafuu ya kodi gani, maana kila kodi ina mwenyewe.

Na kuna ule msaada usioitwa kodi. Wachambuzi wa IEEFA, taasisi inayochambua uchumi wa nishati, mwaka 2019 walipiga hesabu ya mkataba wa umeme wa Kwasasi, wakapata kama dola milioni 360 kila mwaka kwa miaka 25, za kulipia mtambo kuwepo tu, uzalishe usizalishe. Hizo zingetoka kwenye tokeni ya umeme ya kila nyumba hapa na kila nyumba Kisumu. Ndio ile pfennig ya Wajerumani imerudi kwa jina jengine, na ile ya kwao mahakama iliikataa.

Katiba yetu imetupa silaha hapa na hatuitumii. Kifungu cha 210 kinasema hakuna kodi itakayowekwa, kusamehewa wala kubadilishwa ila kwa sheria, na kila msamaha unaotolewa lazima uandikwe kwenye rekodi ya umma pamoja na sababu yake, na upelekwe kwa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu. Sababu yake, wazee wangu, imeandikwa. Hazina ya Kitaifa nayo tangu 2021 inatoa ripoti ya kodi zilizosamehewa, ni hatua kubwa na naipongeza kwa moyo, ila mle ndani misamaha imejumlishwa kwa aina ya kodi na kwa sekta. Mtu wa Amu anataka kujua mradi huu, ardhi hii, shilingi ngapi, miaka mingapi.

Kwa hivo tumeandika barua, iko kwenye meza pale chini ya mti. Inauliza mambo matatu kuhusu kila mradi wa nishati uliopangwa au utakaopangwa katika kaunti hii: umepewa msamaha wa kodi gani, kwa sheria ipi na kwa sababu ipi, mrabaha na tozo za kaunti zimeguswa au hazikuguswa, na nani atalipa kusafisha ardhi siku mradi ukifungwa. Tumeongeza la nne, wavuvi ndio waliolidai, kwa nini petroli ya boti inatozwa barabara na kama kuna njia ya kurudishiwa. Sheria ya kupata habari ya mwaka 2016 inawapa siku 21 za kujibu. Nakala ya Kiswahili ipo kando ya ile ya Kiingereza, anaetaka kuisoma kwanza aisome yote ndio atie saini, na anaeona kuna neno halikukaa sawa aje aniambie sa hivi, barua inaondoka kesho asubuhi na boti ya Mokowe.